Hivi ni kweli wanajeshi wa Roma walilipwa chumvi? Tulifumue hili neno "salary"

Kila ikikaribia tarehe 25, watu wakianza kuchungulia simu kuona kama benki imetuma meseji, lazima atatokea mtu ataweka ile stori kwenye status. Je wajua, neno la Kiingereza "salary" limetokana na chumvi, kwa sababu wanajeshi wa Roma walikuwa wanalipwa chumvi! Na picha ya askari kavaa kofia ya shaba, upanga kiunoni. Mwezi uliopita nimeikuta mubashara kijiweni, kwa mama anayetupikia chapati, jamaa mmoja tunamwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki anaimwaga kwa mbwembwe zote, akamalizia kwamba ndo maana mishahara haitoshi, mwajiri kazi yake kukupa chumvi, mboga utajijua mwenyewe. Tulicheka sana. Sema ile stori ina nusu ya kweli na nusu ya kubandika, na zimeshonwa pamoja vizuri mpaka mtu haoni mshono uko wapi.

Tuanze na neno lenyewe. "Salary" kwa Kiingereza ni malipo ya kazi yanayopangwa kwa mwaka au mwezi, yale ya mtu mwenye ajira ya kueleweka, siyo yule wa kulipwa kwa siku. Waingereza hawakulitunga, wamelipokea kwa Wafaransa kwenye karne ya 14, enzi ambazo wakubwa wa Uingereza bado wanaongea Kifaransa cha kwao cha huko, na Wafaransa nao wamelirithi kutoka Kilatini, lugha ya Roma. Mpaka leo Mfaransa anasema "salaire", Mhispania na Mtaliano wanasema "salario". Baba yao wote ni neno moja, "salarium".

Sasa hilo salarium ukilikata unakuta mwanzoni kuna "sal", ambalo ni chumvi kwa Kilatini, halafu kuna mkia unaofanya kazi kama ile "-a" yetu ya kumiliki, yaani kitu cha chumvi, kinachohusu chumvi. Mji wa Roma mpaka leo una barabara inaitwa Via Salaria, Njia ya Chumvi, ilikuwa inatoka mjini kwenda upande wa pili wa Italia, na watu wa bara walikuwa wanaitumia kubeba chumvi iliyotoka kwenye mashamba ya chumvi karibu na mdomo wa mto Tiber. Kwa hiyo kama barabara ya chumvi ni via salaria, basi salarium ni nini ya chumvi? Hapo ndo neno lenyewe linanyamaza. Linasema tu "ya chumvi". Hela ya chumvi? Fungu la chumvi? Posho ya chumvi? Halitaji.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya stori ya Mwalimu iko sawa, neno limetoka kwenye chumvi, hapo hakuna ubishi. Tatizo ni ile "kwa sababu". Kujua neno lilipotoka ni kitu kimoja, kujua watu walikuwa wanafanya nini ni kitu kingine kabisa, na hivi viwili watu wanavichanganya kila siku.

Chukulia mfano wa kwetu. Miaka elfu mbili ijayo kuna mtafiti anafukua mabaki ya Dar es Salaam au Nairobi anakuta karatasi imeandikwa trafiki kapewa chai, dereva akaachiwa. Yule mtafiti akaandika kitabu kizima kwamba zamani Waafrika Mashariki walikuwa wanawalipa polisi wao kwa chai, na akaweka picha ya birika. Ungekuwepo ungemcheka, maana unajua kilichotembea pale hakikuwa na majani wala sukari. Au hela ya sabuni, au hela ya vocha, mtu anaomba hela ya vocha na simu yake ina dakika za kutosha.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni posho, maana posho imepita karibu njia ileile. Wapagazi wa misafara ya zamani, wale waliokuwa wanabeba pembe na mizigo kutoka pwani kwenda bara na kurudi, walikuwa wanapewa posho, na posho ilikuwa chakula cha siku, kipimo cha nafaka, au wakipewa vitambaa na shanga wakanunue chakula njiani. Baadaye vibarua wa mashambani nao wakawa wanapimiwa posho ya unga. Leo ukienda Uganda ukaagiza posho unaletewa ugali kwenye sahani, Kenya mashine ya kusaga mahindi wanaiita posho mill, lakini Tanzania ukisikia wabunge wanazozana kuhusu posho pale Dodoma hakuna anayewaza unga, ni hela ya vikao. Neno moja, limetoka kwenye chakula, kwa wengine limebaki chakula na kwa wengine limegeuka hela. Salarium nayo inawezekana kabisa huko mwanzo mwanzo iliwahi kuwa fungu la chumvi kweli au hela ya kununulia chumvi. Ila tunapoanza kulisoma vizuri kwenye maandishi ya Warumi tayari ni hela, kama posho ya Dodoma.

Haya, wanajeshi wenyewe walilipwa nini? Hili linajulikana vizuri tu, wala siyo siri. Malipo ya askari wa Roma hayakuitwa salarium, yaliitwa "stipendium". Enzi za mfalme Augusto, yule wa kwenye habari ya kuzaliwa Yesu, askari wa kawaida wa miguu alikuwa anapata dinari 225 kwa mwaka, dinari ileile ya fedha unayoisoma kwenye Biblia, ile waliyopatana wale wakulima wa shamba la mizabibu kuwa ni malipo ya siku moja. Na hakuwa analipwa kila mwezi, alilipwa mara tatu kwa mwaka, kila baada ya miezi minne, hebu fikiria wewe unayelia na tarehe 25. Baadaye mfalme Domitian akapandisha mpaka 300.

Na makato yalikuwepo! Huko Misri, ambako mchanga mkavu umetunza karatasi za mafunjo, kumepatikana kitu ambacho ukikiangalia unaona kabisa ni salary slip ya askari wa karne ya 1. Kakatwa nyasi za mnyama, kakatwa chakula, kakatwa viatu, kakatwa nguo, kakatwa mchango wa sikukuu ya Saturnalia hapo kambini. Yaani hata mchango wa sherehe ya ofisini Warumi walikuwa nao, na ulikuwa wa lazima.

Sasa kuna tukio moja ambalo kwangu mimi ndo linafunga mjadala. Mwaka 14 BK Augusto amefariki, majeshi yaliyokuwa kule Pannonia, karibu na mto Danube, yakagoma. Mwanahistoria Tacitus ameyaandika madai yao, na kiongozi wao alikuwa askari wa kawaida tu jina lake Percennius, zamani alikuwa mtu wa kushangilia kwenye majumba ya maigizo kwa hiyo mdomo alikuwa nao. Percennius anawaambia wenzake mwili na roho zetu vinahesabiwa kuwa vya asi kumi kwa siku, asi ni sarafu ndogo ya shaba, na kwenye hizo kumi tujinunulie nguo, silaha, mahema, na bado tumhonge akida asitupige na atupe mapumziko. Wanachotaka ni dinari moja nzima kwa siku, ambayo ni asi 16. Ukipiga hesabu unaona inakaa, dinari 225 mara 16 unapata asi 3,600 kwa mwaka, ambayo ni asi kumi kwa siku kwa siku 360, zinapungua siku tano tu mwaka uishe. Soma malalamiko yote yale, kuna nguo, kuna hema, kuna fimbo za akida, kuna chai ya akida pia kwa maana ile yetu, lakini mtu anayesema "tumechoka kulipwa chumvi" hayupo. Watu waliogoma kwa ajili ya malipo hawajaitaja chumvi, sisi tumeitoa wapi?

Tumeitoa kwa Pliny, kwa sehemu. Huyu alikuwa msomi na kiongozi wa jeshi la majini la Roma, ndiye aliyefia kwenye mlipuko wa volkano ya Vesuvius mwaka 79, na aliacha kitabu kinene cha elimu ya viumbe na vitu vyote vya dunia. Sehemu ya 31 anazungumzia chumvi, anaisifia hasa, kwamba maisha ya ustaarabu hayawezekani bila chumvi, na katikati ya sifa hizo anadondosha kauli moja fupi kwamba chumvi imeingia mpaka kwenye vyeo na utumishi wa jeshi, na ndiko neno salarium lilikotoka. Basi. Hajasema nani alipewa chumvi, kiasi gani, lini, wala kama ni chumvi yenyewe au hela. Hata yeye anaongea kama mtu anayeeleza asili ya neno la zamani, siyo mtu anayeeleza kinachofanyika kambini siku hizo, na kambini anakujua maana ametumikia huko.

Halafu watu wa kamusi wa baadaye wakaja kujazia. Kamusi kubwa ya Kilatini ya Lewis na Short iliyotoka 1879, ambayo wanafunzi wengi wa Kilatini wameitumia, inasema salarium ni hela waliyopewa wanajeshi ya chumvi. Ona hapo, ni HELA ya chumvi. Stori ilipotoka kwenye kamusi ikaenda mtaani neno hela likadondoka njiani, ikabaki wanajeshi walipewa chumvi, na sasa hivi imefika kwenye status ikiwa na picha.

Na salarium yenyewe, kwenye enzi za wafalme wa Roma, waliokuwa wanapewa ni akina nani? Wengi ni watu wa ofisi. Maofisa wa serikali, magavana, waganga, walimu. Mfalme Vespasian, huyuhuyu wa wakati wa Pliny, alipanga walimu wa ufasaha wa kuongea walipwe na hazina sarafu za sesterti 100,000 kwa mwaka, na Yeronimo, yule mtakatifu aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, anapomtaja mwalimu Quintilian anasema alipokea "salarium" kutoka hazina. Linganisha na askari, dinari 225 ni sesterti 900. Mwalimu laki moja, askari mia tisa! Nilipomwambia Mwalimu wetu wa kijiweni alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kuna maofisa wengine mpaka cheo chao kiliitwa kwa kiasi cha malipo, watu wa sitini elfu, watu wa laki, watu wa laki mbili, ni kama tunavyosema yule yuko TGS D, ngazi ya mshahara serikalini.

Sasa kuna tawi la hii stori linasema chumvi ilikuwa na thamani kama dhahabu, ndo maana walikubali kulipwa. Hapana jamani. Mwaka 301 mfalme Diocletian, bei za vitu zikiwa zimemshinda, alitoa orodha ya bei elekezi kwa dola nzima, na bahati nzuri ilichongwa kwenye mawe kwa hiyo tunayo. Kipimo kimoja cha chumvi kiliwekewa ukomo wa dinari 100, dinari za wakati huo zilikuwa zimeshaporomoka vibaya. Ngano je? Kipimo kilekile, dinari 100 vilevile. Bei moja na ngano! Ratili moja ya dhahabu, ambayo ni kama theluthi ya kilo, iliwekewa dinari 72,000, kwa hiyo kwa ratili hiyo moja ungepata vipimo 720 vya chumvi, ungehitaji ghala. Kibarua wa shambani alipangiwa dinari 25 kwa siku na chakula juu, akifanya kazi siku nne anapata kile kipimo, na kipimo chenyewe siyo kijiko, ni zaidi ya ndoo ndogo.

Nyuma zaidi, karne ya 2 KK, mzee mmoja anaitwa Cato aliandika maelekezo ya kuendesha shamba, akapanga watumwa wapewe chumvi, kila mmoja modio moja kwa mwaka, kama lita tisa kasoro. Kwa hiyo wapo watu Roma ambao kweli walikuwa wanapimiwa chumvi, ila ni watumwa, na haikuwa malipo, ilikuwa chakula chao pamoja na mkate na mafuta.

Hii haimaanishi chumvi haijawahi kuwa hela popote. Ethiopia walikuwa na vipande vya chumvi vinaitwa amole, vinakatwa kule kwenye bonde la joto la Afar, vinabebwa na ngamia na punda mpaka nyanda za juu, na watu walinunulia vitu sokoni mpaka karne ya 20 inaanza. Na hapa kwetu chumvi ya Uvinza, Kigoma, ilichemshwa na kusambazwa mbali sana kuzunguka Ziwa Tanganyika, ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na karibu kila kitu. Mtu akikwambia chumvi ilikuwa hela mwambie sawa, lakini twende Afar, siyo Roma.

Kitu kingine, ukishajua "sal" utaanza kuliona kila mahali, hasa jikoni. Saladi imetoka huko, maana yake mboga zilizotiwa chumvi. Sosi pia, kwa kupitia Kifaransa, ni kitu cha chumvi, na soseji ni nyama iliyotiwa chumvi. Kwa hiyo sahani ya chipsi soseji na saladi na sosi pembeni, chipsi tu ndo hazina ukoo na chumvi hapo. Ila "salt" ya Kiingereza, ambayo ndo inaonekana imefanana zaidi, haijatoka Kilatini. Hiyo ni ya ukoo wa Kijerumani, ni binamu ya "sal" siyo mtoto wake, wote wawili wana babu mmoja wa zamani sana.

Na kuna watu wanaongeza chumvi kwenye hii stori ya chumvi, wanasema hata "soldier", mwanajeshi, ni Kilatini cha kutoa chumvi. Hapo wamepotea kabisa. Neno hilo limetoka kwenye "solidus", sarafu ya dhahabu aliyoianzisha mfalme Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4, kwa hiyo mwanajeshi ni mtu wa kulipwa sarafu. Solidus hiyohiyo ndiyo "s" ambayo Waingereza waliiweka kwenye hesabu zao za zamani kumaanisha shilingi, ni "s" ya solidus. Watu wa historia ya maandishi wanasema ile "s" ndefu ya zamani ilinyooka taratibu ikawa mkwaju, wakaandika 5/- kumaanisha shilingi tano bila peni. Shilingi ilipoingia Afrika Mashariki mwaka 1921 na mkwaju ukaja nao, na leo muuza nyanya sokoni anaandika 1,000/= kwenye kipande cha boksi.

Na msemo wa Kiingereza kwamba mtu fulani anastahili chumvi yake, kumaanisha kazi anaiweza, watu huuleta kama ushahidi wa Roma. Umeanza kuonekana kwenye maandishi karne ya 19, Roma ilishakufa zamani. Huo ni wa Waingereza wenyewe.

Kijiweni siku ile nilipomaliza yote haya chai yangu ilishapoa. Mwalimu akaniuliza swali ambalo kusema kweli lilikuwa zuri kuliko stori yake, haya, wao wana chumvi, na sisi "mshahara" tumeutoa wapi? Nikamwambia ni Kiarabu, kutoka "shahr", mwezi. Malipo ya kwa mwezi, basi, hamna askari wala chumvi hapo. Na kibarua je, akauliza tena. Hicho ni barua ndogo, watu wa kamusi wanaeleza kwamba mfanyakazi wa kutwa alikuwa anapewa kikaratasi cha kuhesabia siku zake, akakirudisha siku ya malipo, mwisho mtu mwenyewe akaitwa jina la karatasi yake. Na hakuna aliyewahi kusema vibarua walilipwa barua.

Akakaa kidogo anakorogea sukari iliyokwisha kuyeyuka. "Kwa hiyo mshahara ni mwezi," akasema. "Basi ndo maana. Ukiandama kila mtu anatoka nje kuuangalia, usiku wa pili haupo, mawingu."